SAILENSA INACHEZA NGOMA? USIKIMBILIE DUKANI!

Mpenzi msomaji, hebu fikiria gari likuzimikie kwenye mataa ya Magomeni, nyuma daladala zinapiga honi na konda anakuporomoshea maneno ya nguoni. Aibu! Lakini kuna baya zaidi. Injini ikizima gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito, na kwa magari mengi breki ukishaikanyaga mara mbili tatu inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo sailensa mbovu si jambo la kuchekea.

Injini ya petroli ikishapata moto, kwa kawaida hutulia kwenye mizunguko kama 600 hadi 850 kwa dakika. Ukiona mshale unapanda na kushuka kama bei ya nyanya, ujue kuna ugonjwa.

Tatizo ni kwamba mafundi wengine hawapimi, wanabahatisha. Mjomba wangu ni dereva wa teksi, Corolla. Fundi mmoja akamwambia, "Mzee, pampu ya mafuta imekufa hiyo." Pampu ikanunuliwa, ugonjwa uleule. "Basi ni plagi." Plagi mpya, wapi! Hela ya hesabu ya tajiri ikayeyuka hivyo hivyo. Mwishowe spana boi wa gereji nyingine akatega sikio, akasikia "ssss". Kumbe mpira wa hewa una ufa!

Hewa inayoingilia kwenye ufa haijapimwa, kwa hiyo kompyuta ya gari inatoa petroli pungufu, injini inatetemeka. Ndugu yangu, anza na vya bei poa:

Kwanza, zima injini, ipoe, kagua mipira yote ya hewa pamoja na ule unaokwenda kwenye breki. Uliopasuka au kulegea ni mshukiwa namba moja.

Pili, tazama filta ya hewa, kisha mdomo wa kuingizia hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Ukikuta masizi meusi, fundi ausafishe kwa dawa yake.

Tatu, washa AC. Sailensa ikianguka na gari kutaka kuzima, mwambie fundi akague valvu ya sailensa kama inayo.

Nne, kama injini inakata kwa mpigo, "tu-tu-pu, tu-tu-pu", hapo ndipo uulizie plagi na koili. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, lipia kipimo cha kompyuta kabla ya kulipia kifaa.

Na fundi akitaka kupandisha sailensa kwa skrubu tu, mkatalie! Anauficha ugonjwa, na gari la otomatiki litaruka mbele ukiweka D.

Swali la kumuuliza fundi kabla hujafungua pochi ni moja: "Umepima nini?" Akianza kukuna kichwa, chukua ufunguo wako, nenda gereji ya pili.

Haya, tukutane wiki ijayo!