Kubadilisha Cheni ya Pikipiki na Kuipiga Ribiti

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Naam, methali hii yaihusu pia cheni ya pikipiki. Ndugu msomaji, wengi wetu huja shuleni kwa bodaboda, lakini ni wangapi hutupia macho ile cheni? Ikikatika njiani yaweza kujikunja na kulizuia gurudumu la nyuma, na hapo dereva na abiria wote chini! Basi nimeona heri nieleze jinsi ya kuibadilisha nyumbani.

Cheni ya rola ilibuniwa na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, Uingereza, akaipatia hataza mwaka wa 1880. Hadi leo hufanya kazi vile vile.

Kwanza, pima. Pikipiki nyingi ndogo hutumia cheni nambari 428. Toka pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Ivute ikazike, uhesabu pini 21, kisha upime toka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya mwisho. Cheni mpya itakupa milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Usidanganywe eti kukata pingili moja kutaiponya. Chuma hakikuvutika kama mpira, la hasha! Ni pini na matundu yake ndiyo yaliyolika.

Tazama pia sproketi, yaani yale magurudumu ya meno. Meno yaliyochongoka na kupinda kama pezi la papa huila cheni mpya upesi. Badilisha vyote vitatu pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma.

Sasa kazi yenyewe. Zima injini na utoe ufunguo. Kabla ya kukata cheni kuukuu, mwenzako akanyage breki ya nyuma nawe ulegeze sproketi ya mbele. Halafu saga kwa tupa vichwa vya pini mbili za pingili moja mpaka viwe bapa, uzisukume nje kwa kifaa cha skrubu cha kukatia cheni. Funga sproketi mpya. Cheni mpya ilinganishe na ya zamani kwa kuhesabu pingili, si kwa urefu, maana ile ya zamani imerefuka.

Leta ncha mbili zikutane juu ya sproketi ya nyuma. Meno yatakushikia. Paka grisi pingili ya kuungia, iingize kutoka ndani, kisha ubane kibamba cha nje mpaka kilingane na vya jirani. Ukikibana kupita kiasi, pingili haitapinda. Hapo ndipo unapopiga ribiti: unapanua ncha za pini kwa kile kifaa, pole pole, ziwe kama kichwa cha uyoga. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Zikipanuka kidogo mno, kibamba kitachomoka, zikizidi, zitapasuka. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, toa pingili hiyo uweke mpya. Pini iliyokwisha kutolewa hairudishwi.

Cheni nyingine huungwa kwa klipu. Hiyo ni rahisi, lakini upande wake uliofungwa lazima utangulie mwendo wa cheni, ule wenye mwanya ufuate nyuma.

Mwisho, iache cheni icheze kidogo upande wa chini, kwa pikipiki nyingi ndogo sentimita 2 hadi 3, ndipo ukaze ekseli. Ikibana sana hula beringi. Na kamwe usiipanguse injini ikinguruma: kitambaa kikishikwa na meno, vidole hufuata.

Wako wanaopiga ribiti kwa nyundo na msumari ili wawahi abiria. Tusiwacheke, kwani kila saa pikipiki ikilala ni unga unaopotea nyumbani. Lakini abiria huyo ni wewe na mimi. Kesho ukifika steji, chungulia kwanza pale cheni ilipoungwa, ndipo upande.