Kubadilisha Jokofu la Gari la Kulala Safarini

Magari ya kulala safarini, yaani yenye kitanda, jiko na jokofu ndani yake, hutumiwa na familia zinazosafiri pamoja na wafanyabiashara wanaoyakodisha kwa watalii. Baadhi huingizwa nchini yakiwa yamekwisha kutumika Ulaya. Jokofu lililomo linapoharibika, mnunuzi huuliza kwanza bei ya jingine. Tunashauri aulize kwanza kama betri ya gari itaweza kuliendesha jokofu hilo usiku kucha.

Aina mbili za majokofu

Jokofu la gesi halina kompresa. Mwali mdogo wa moto huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, na mzunguko wa amonia hiyo ndio unaoondoa joto ndani ya kabati. Jokofu hili hufanya kazi vizuri gari linaposimama mahali tambarare, na nguvu yake hupungua katika joto kali. Aidha, moto wake unaweza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu akiwa usingizini. Kwa hiyo nafasi iliyo nyuma ya jokofu sharti itenganishwe kabisa na chumba cha kulala, na matundu ya kutolea hewa nje yawe wazi daima. Mwali huo uzimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta.

Jokofu la kompresa la volti 12 halina moto, hupoza haraka, na hustahimili joto na mteremko zaidi. Hata hivyo, hutegemea betri peke yake.

Hesabu ya umeme

Tuchukue mfano wa jokofu dogo la wati 45. Kwa volti 12, hutumia takribani ampea 3.75. Kompresa ikifanya kazi nusu ya siku, yaani saa 12, itatumia ampea-saa 45. Betri ya kawaida ya risasi yenye ampea-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, la sivyo hufa mapema. Basi betri hiyo itatosha siku moja tu, kabla hujawasha hata taa. Anayekusudia kukaa kambini siku tatu bila kuwasha injini anahitaji paneli ya sola au betri kubwa zaidi. Usitumie betri ya kuwashia injini kwa kazi hii, kwani unaweza kukwama porini.

Soma kibandiko

Ndani ya jokofu huwa kuna kibandiko kinachoonyesha daraja la hali ya hewa. Herufi N humaanisha limekusudiwa mazingira yasiyozidi nyuzi joto 32 za Selsiasi; ST, nyuzi 38; na T, nyuzi 43. Kwa gari linaloegeshwa juani Dodoma au Dar es Salaam, T ndiyo ifaayo. Nyama na maziwa huhitaji nyuzi 5 au chini yake, na insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Weka kipimajoto kidogo ndani ili uwe na hakika.

Ufungaji

Pima nafasi ya jokofu, na pia mlango wa gari litakamopitia. Liache na nafasi ya kupumua, kisha lifungwe imara kwa bolti. Nyaya ziwe nene, kwani kwenye nyaya nyembamba volti hupungua njiani na jokofu hujizima ilhali betri bado ina chaji. Fyuzi ikae karibu na betri. Ukiondoa jokofu la gesi, bomba lililobaki lizibwe na fundi wa gesi, na uvujaji upimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jokofu la zamani lisitobolewe, kwa kuwa amonia iliyomo ni sumu.

Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Kabla ya kulipa, dai risiti yenye jina la modeli na wati zake, pamoja na udhamini wa maandishi unaotaja muda wake. Uliza kama udhamini huo unahusu matumizi ndani ya gari, kwani baadhi huhusu matumizi ya nyumbani tu. Omba liwashwe dukani. Likiharibika ndani ya muda huo, usilifungue wala usimpe fundi mwingine. Mrudishie muuzaji pamoja na nakala ya risiti, nawe ubaki na risiti halisi. Akikataa, andika tarehe na majibu yake, kisha uwasilishe malalamiko ukiwa na ushahidi huo.