Dereva akigoma Malaba, soko la Busia hutikisika

Mfanyabiashara wa Busia hujua bei ya gunia la mahindi, ushuru wa forodha na thamani ya shilingi ya Kenya kwa ile ya Uganda. Gharama moja tu ndiyo haiandikwi daftarini: hali ya kazi ya watu wanaomsafirishia mzigo. Januari 2022 gharama hiyo ilionekana wazi.

Uganda ilikuwa imeagiza kila anayeingia nchini apimwe korona mpakani, na madereva wa malori wakatakiwa kulipa dola 30. Kwa mtu anayevuka mara kwa mara, hizo ni fedha za kulisha nyumba. Madereva wakagoma kuvuka Malaba na Busia. Malori yakajipanga kilomita nyingi upande wa Kenya, mafuta yakaadimika Uganda, bei ya petroli ikaruka na nauli ikafuata. Hatimaye serikali ya Uganda iliwaondolea madereva ada hiyo, na malori yakaanza kusogea.

Malalamiko hayo yalikuwa na mizizi. Mwaka 2020, Malaba iliyo wilaya ya Tororo ilishuhudia madereva na utingo wakilala siku kadhaa barabarani wakisubiri majibu ya vipimo, bila choo wala maji ya uhakika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, wenye cheti cha siku 14 kinachotambuliwa na nchi wanachama. Hata hivyo, miaka miwili baadaye ugomvi wa vipimo ulirudi palepale.

Madereva wana vyama pande zote mbili. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi cha Uganda, ATGWU, kina asili yake mwaka 1938. Tatizo ni kwamba barabara ni moja lakini sheria za kazi ni mbili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kujiunga na chama na kujadiliana kwa pamoja, ila kwa kufuata sheria za nchi anakofanyia kazi.

Tofauti hizo si ndogo. Kenya hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa aina ya kazi na eneo. Uganda iliweka shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984. Mswada wa kubadili utaratibu huo ulipopitishwa bungeni mwaka 2019, rais hakuutia saini. Kuli anayepakua saruji upande mmoja asubuhi na mahindi upande wa pili jioni hubaki na maelewano ya mdomo tu.

Mwenye duka naye ni mwajiri. Tangu Januari 2022, sheria ya Uganda inamtaka kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, achangie NSSF: asilimia 10 kutoka kwake na 5 kutoka kwenye mshahara.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kimepunguza foleni za karatasi. Lakini karatasi haiendeshi lori wala haibebi gunia. Anayepanga bei ya mzigo bila kumhesabu dereva na kuli atakuja kuilipa gharama hiyo siku lori litakaposimama.