Njia Fupi ya Las Vegas Haina Wasafiri

Katika Fallout: New Vegas, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2010, mchezaji ni tarishi anayeanzia kijiji cha Goodsprings. Mnara wa jiji huonekana kwa mbali, na barabara ya kaskazini ni fupi. Tatizo ni deathclaw, majitu yenye kucha ndefu, ambayo hayapunguziwi makali ati kwa sababu mgeni bado mnyonge.

Dalili zipo. Pale Sloan machimbo yamesimama, na msimamizi wake humwonya apitaye arudi alikotoka. Wengi humpuuza, wakafa. Wenye subira huzunguka kusini kupitia Primm na Nipton, mwendo mrefu kweli, wakipima silaha zao kwa maadui wadogo. Risasi zisipomtikisa adui, hugeuza mapema, maana deathclaw humshinda tarishi mbio.