Sura ya Mfiwa: Michoro ya Käthe Kollwitz na Safari ya Kupona

Mwaka 1891, daktari kijana aitwaye Karl Kollwitz alihamia Prenzlauer Berg, mtaa wa wafanyakazi jijini Berlin, Ujerumani. Wagonjwa wake walikuwa mafundi cherehani na jamaa zao, watu wa kazi nyingi na kipato kidogo. Mwaka huohuo alimwoa Käthe Schmidt, mchoraji aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867. Wanawake waliomjia daktari wakiwa na watoto wagonjwa, na aghalabu wakiwa na dhiki za nyumbani zisizo na dawa, waliingia pia katika michoro ya mkewe. Käthe aliishi katika nyumba hiyo kwa zaidi ya nusu karne, karibu kabisa na maumivu ya watu wengine, hadi siku maumivu hayo yalipobisha hodi mlangoni pake.

Wengi wanamfahamu Käthe Kollwitz kama mchoraji wa huzuni. Kwa wanaotoa na wanaopokea huduma za afya, kazi yake ina funzo mahususi zaidi. Alipofiwa na mwanawe, alianza kwa kutaka kuonyesha mwili wa aliyekufa. Baada ya miaka mingi ya kuchora, kufuta na kuchora tena, alifika kwenye sura za waliobaki.

Kilio kilichofichwa

Käthe aliujua msiba tangu utotoni. Mdogo wake, Benjamin, alifariki akiwa mchanga kwa homa ya uti wa mgongo. Baadaye Käthe alisimulia jinsi mama yake, alipopata habari kwamba hali ya mtoto imezidi kuwa mbaya, alivyosita kidogo kisha akaendelea kuwapakulia watoto wengine chakula bila kulia mbele yao. Binti aliona kwamba ukimya ule ulikuwa umebeba mateso. Nasi tunaufahamu ukimya wa namna hiyo, maana ni mara ngapi mfiwa huambiwa ajikaze, na anapojikaze tukadhani amepoa?

Mwaka 1903 alitengeneza chapa ya bamba la shaba iitwayo Mwanamke na Mtoto Aliyekufa. Mama ameketi chini, amekunja miguu, amemkumbatia mwanawe na kuuzamisha uso wake kifuani mwa maiti. Ili kuichora, Käthe alijitazama kwenye kioo huku amempakata mwanawe mdogo, Peter, aliyekuwa na umri wa miaka saba.

Oktoba 1914

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Peter alikuwa na miaka 18 na alitaka kujiunga na jeshi. Kwa umri wake alihitaji idhini ya baba. Karl alikataa, na Käthe ndiye aliyemwombea mwanawe hadi baba akakubali. Mwishoni mwa Oktoba 1914, Peter aliuawa nchini Ubelgiji, karibu na mji wa Diksmuide.

Hapa msiba ulibeba mzigo wa pili, nao ni hatia. Mhudumu wa afya huisikia hatia hiyo mara nyingi: laiti ningemwahi hospitali, laiti nisingemruhusu asafiri, laiti ningeiona dalili mapema. Kumwambia mfiwa kwamba hana kosa hakumtui mzigo huo kwa siku moja. Käthe aliubeba mbele ya karatasi na udongo wa kufinyangia.

Miaka kumi na minane ya kazi moja

Kabla mwaka 1914 haujaisha, alikwisha kuwaza sanamu ya ukumbusho. Katika wazo la kwanza, Peter angelala amenyooshwa, baba yuko kichwani na mama miguuni. Alichora, akafinyanga, akabadili. Mwaka 1919 aliiweka kazi hiyo kando kwa kuwa haikumridhisha. Katika kipindi hicho alichonga chapa saba za mbao kuhusu vita, zilizotolewa mwaka 1923. Ndani yake mna wazazi waliopiga magoti na kushikamana kama gogo moja, mna wajane, na mna akina mama waliojikusanya kuwakinga watoto wao. Katikati ya miaka ya 1920 aliirudia sanamu.

Aliporudi, mwana alikuwa ametoweka katika mchoro. Walibaki wazazi wawili, kila mmoja juu ya jiwe lake, wamepiga magoti. Baba amesimamisha mgongo na kujikumbatia kwa mikono yake mwenyewe, kama anayezuia kitu kisipasuke. Mama ameinama, kichwa kimeelekea chini. Sura ya baba imechukua ya Karl, na ya mama imechukua ya Käthe. Sanamu hizo za graniti ziliwekwa katika makaburi ya askari nchini Ubelgiji mwaka 1932, karibu miaka 18 tangu Peter auawe.

Wazazi hao hawagusani. Yeyote aliyewahi kuketi na mume na mke waliofiwa na mtoto atalielewa pengo lililo kati ya mawe hayo mawili. Mmoja hulia, mwingine hunyamaza. Mmoja hutaka kusimulia, mwingine huondoka chumbani. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja alipenda zaidi.

Uso ulioendelea kutazamwa

Katika maisha yake yote Käthe alichora sura yake mwenyewe mara nyingi, tangu usichana hadi uzee, bila kujipamba. Mwaka 1933, utawala wa Kinazi ulipoingia madarakani, alilazimishwa kujiuzulu katika Chuo cha Sanaa cha Prussia, ambako mwaka 1919 alikuwa amechaguliwa kuwa mwanachama. Mwaka huohuo alijichora kwa mkaa akiwa kazini. Uso umechorwa kwa uangalifu, lakini mkono, kuanzia bega hadi kiganja, ni mstari mmoja mzito unaopinda huku na huku kwa nguvu. Uso umechoka, mkono bado unafanya kazi.

Isidhaniwe kwamba sanaa ilimkinga na misiba mingine. Karl alifariki mwaka 1940. Mjukuu wao, aliyepewa jina la Peter, aliuawa vitani nchini Urusi mwaka 1942. Käthe mwenyewe alifariki Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kwisha. Kupona kwake hakukuwa kusahau. Kulikuwa kuweza kuishi, kufanya kazi na kuwatazama wengine huku pengo likiwapo.

Wataalamu wanasema nini

Mwaka 1999, watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili: kukabili uchungu wa kupotelewa, na kushughulikia maisha yanayoendelea. Kwa mtazamo huo, kuliweka kando jambo linalouma kwa muda, kisha kulirudia, si udhaifu. Mwaka 2019, Ofisi ya Shirika la Afya Duniani Kanda ya Ulaya ilichapisha mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, nayo yalionyesha kwamba sanaa inaweza kusaidia katika kinga na katika matibabu. Haichukui nafasi ya tiba, bali hushirikiana nayo.

Aidha, ipo huzuni inayohitaji mtaalamu. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni ya msiba iliyorefuka: uchungu mkali unaodumu kwa zaidi ya miezi sita, unaozidi kiasi cha mila na desturi za jamii husika, na unaomzuia mtu kuendesha maisha yake. Anayeonyesha dalili hizo apewe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Anayesema hataki kuishi asisubirishwe hata siku moja.

Kwa mhudumu na kwa mfiwa

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Hospitalini mara nyingi utaratibu huwa kinyume: mgonjwa akishafariki, faili hufungwa, na aliyekuwa akimuuguza hutoka langoni bila mtu kumtazama usoni. Dakika chache za kumketisha, kuulizia jina la marehemu na kusikiliza bila kukatiza huweza kufanyika hata katika wodi iliyojaa. Na siku mfiwa huyo atakaporudi na maumivu ya kichwa au ya kifua yasiyoelezeka kwa vipimo, inafaa aulizwe pia nani ameondoka nyumbani kwake.

Wewe uliyefiwa, huhitaji kipaji cha Käthe. Penseli na karatasi vinatosha. Mchore uliyempoteza kadiri unavyomkumbuka, au jichore mwenyewe ulivyo leo, na usione haya kuiacha kazi hiyo na kuirudia. Kama mkono hautaki kuchora, andika au simulia. Usihesabu siku za wengine. Arobaini hupita na matanga huanuliwa, lakini huzuni haifuati kalenda ya shughuli.

Leo sanamu za wazazi hao wawili ziko Vladslo, Ubelgiji, zilikohamishiwa baadaye pamoja na makaburi. Peter amezikwa mbele yao.