Koti Linalosikiliza Kifua

Usiku mwana anawaka moto na kukohoa, kule Katuba ao Ruashi, na wewe mara moja unasema: ni palu. Pengine ni nimonia, ugonjwa wa mapafu, na dawa ya palu haiiponyi.

Nyanya ya Olivia Koburongo wa Uganda alizungushwa lopitali kwa lopitali. Nimonia ilipojulikana, hakuokoka tena. Basi Olivia na mwenzake Brian Turyabagye wakatengeneza Mama-Ope, koti lenye vipimo vidogo ndani. Linapima joto, linahesabu pumzi, linasikiliza mapafu, halafu linatuma habari kwa telefoni bila waya, kwa Bluetooth. Mwaka 2017 liliingia katika mashindano makubwa ya mainjinia wa Afrika. Kazi nzuri kweli!

Lakini wewe mama, wewe baba, usingoje koti. Mwana akitulia, hesabu pumzi dakika 1 nzima (saa ya telefoni inatosha). Wa miezi 2 mpaka 11, zikifika 50. Wa mwaka 1 mpaka 5, zikifika 40: mupeleke kwa munganga leo, si kesho. Na kama chini ya kifua kunaingia ndani akivuta pumzi, usihesabu hata. Toka sasa hivi.