CD, flashi au bando: randi 5,000 za kutangaza muziki Berea

Bibi anayekaa ghorofa ya chini katika jengo letu, hatua chache kutoka Musgrave Road hapa Berea, Durban, aliigeuza ile CD mara mbili mkononi, akavaa miwani na kusoma majina ya nyimbo zote tisa polepole, silabi kwa silabi, maana Kiswahili hajui hata neno. Akauliza bei. Mpwa wangu akamjibu randi 100. Bibi akaingia ndani, akarudi na noti moja na swali: je, dada yake aliyeko Glenwood naye amchukulie moja?

Bibi huyo ana miaka 74. Wiki hiyohiyo mpwa wangu alikuwa amelipia tangazo la Facebook na Instagram lililolenga vijana wa miaka 18 hadi 24 wa Durban. Tangazo liliwafikia maelfu, likapata vidole gumba na mioyo ya kutosha, lakini pesa iliyorudi mfukoni ni sifuri.

Kwa miezi minne nimekuwa nikimshikia daftari la hesabu. Yeye ni mwana wa dada yangu, mzaliwa wa Uvira aliyekulia hapa Durban. Mchana anatengeneza simu, usiku anapiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili, mara nyingine akichanganya Kizulu. Hana kampuni wala meneja. Alikuwa na randi 5,000 za kuutangaza muziki wake, na alikuwa tayari kuzimwaga zote mtandaoni. "Mjomba, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu," aliniambia. Nilimwomba kwanza tuulize kila rika linalipaje, ndipo tununue huduma. Ninaandika tuliyoyaona kwa ajili ya wengine wenye randi zao chache mkononi, wawe Durban, Nairobi au Kigoma.

Tuanze na msambazaji, maana huyo huwezi kumkwepa. Ndiye anayezipeleka nyimbo Spotify, Apple Music, Boomplay na kwingineko. Wanamuziki wengi humchagua kwa kutazama bei peke yake, ilhali mpangilio wa malipo una uzito kuliko bei. DistroKid ilianza mwaka 2013 kwa ada ya dola 19.99 kwa mwaka, na imepanda tangu hapo. Kwa ada hiyo unatoa nyimbo kadiri upendavyo, na mirabaha yote ni yako. Ila ukiacha kulipa, nyimbo zako huweza kuondolewa, labda uwe umelipa nyongeza ya kuzibakiza. CD Baby hufuata njia nyingine: unalipa mara moja kwa kila toleo, bei iliyowekwa 2023 kuwa dola 9.99, kisha wao hukata asilimia 9 ya mapato na kazi hubaki hewani.

Hapo ndipo umri wa msikilizaji unapoingia. Kijana wa miaka 19 anataka wimbo mpya kila mwezi, na usipotoa anakusahau. Ukimtegemea yeye utatoa nyimbo kumi kwa mwaka. Kwa njia ya CD Baby ni karibu dola 100, kwa ada ya mwaka ni sehemu ndogo tu ya hizo. Msikilizaji wa miaka 50 huja taratibu. Ataisikia albamu yako mwaka huu, ataitafuta mwakani, atamtajia shemeji yake mwaka wa tatu. Kwa huyo, ada ya kila mwaka ni kodi isiyoisha. Sisi tulikuwa na albamu moja ya nyimbo tisa na hatukutarajia nyingine hivi karibuni, kwa hiyo tulilipa mara moja, kama randi 180.

Msambazaji hatakutajirisha, na ni vizuri kujua mapema. Spotify ilipoingia Afrika Kusini Machi 2018 ilitoza randi 59.99 kwa mwezi, karibu nusu ya dola 9.99 walizolipa Wamarekani wakati ule. Mfuko wa kugawana ukiwa mdogo, mgawo nao huwa mdogo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi duniani ni dola 3 hadi 5 kwa kusikilizwa mara 1,000. Chukua ile 3, dola moja ikiwa randi 18, unapata randi 54. Ile noti ya bibi wa ghorofa ya chini ni sawa na kusikilizwa karibu mara 2,000. Isitoshe, tangu mwanzoni mwa 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote na Spotify. Mwanamuziki mdogo aliyeingiza nyimbo tisa, kila moja ikasikilizwa mara 800, ana wasikilizaji na hana senti.

Ndiyo maana tulichapisha CD 100. Mpwa wangu alicheka, na sikumlaumu. Musica, duka la muziki ambalo kila mwenye umri wangu hapa analikumbuka, lilifunga matawi yake yote nchini mwaka 2021. Hata CD Baby, yenye jina hilohilo la CD, iliacha kusambaza CD mwaka 2023. Lakini kufa kwa duka hakumaanishi kufa kwa mnunuzi. Kwenye mgongo huu wa Berea, kuanzia Musgrave hadi Glenwood, kuna wastaafu wengi wenye redio ya CD jikoni na gari la zamani lenye tundu la CD. Hakuna anayewauzia kitu tena, na mlangoni nimewakuta wakisubiri kuuziwa.

Zilitugharimu randi 22 kila moja pamoja na bahasha ya karatasi ngumu, jumla randi 2,200. Bei ya kuuzia tuliiweka 100 kwa sababu ni noti moja, haina habari ya chenji. Ukiuza 22 umerudisha pesa yako, zinazofuata ni chakula. Hadi ninapoandika zimetoka 71.

Nyingi zilitoka uso kwa uso. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kampasi ya Howard College, pale juu kabisa ya kilima, kina kituo cha jazi na muziki wa kisasa kilichoanzishwa na Darius Brubeck miaka ya themanini, na tamasha zake za Jumatano jioni zimelea wanamuziki wengi wa mji huu. Nenda ukae nyuma utazame. Nilivyoona mimi, wenye mvi hukaa mbele na wanafunzi nyuma, na muziki ukiisha wenye mvi ndio wanaobaki kumsalimia mpiga gitaa. Kijana anakuuliza jina lako la Instagram. Mzee anakuuliza nani alikufundisha, na swali hilo likishajibiwa vizuri mkono wake uko kwenye pochi. Vivyo hivyo kwenye bustani ya mimea ya Durban, iliyoanzishwa mwaka 1849, familia zinapotandika mablanketi kusikiliza okestra kando ya ziwa. Mtu aliyejua kupanga alasiri yake ya Jumapili kwa ajili ya muziki ni mteja, hata kama hana akaunti popote.

CD tatu zilikwenda Chatsworth, kwa wazee wa jamii inayoitwa Wazanzibari. Wazee wao walifikishwa bandari ya Durban kuanzia mwaka 1873, baada ya meli za Waingereza kuwatoa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi asili yao ni Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Mmoja aliyashika maneno machache tu ya wimbo wa pili, akamwomba mpwa wangu aurudie tena na tena. Msikilizaji wa namna hiyo hakuna tangazo la mtandaoni linaloweza kukutafutia.

Sasa vijana, maana sisemi waachwe. Durban yenyewe ni somo la namna ya kuwafikia kwa bei ndogo. Gqom, ule mdundo mzito uliozaliwa kwenye vitongoji vya mji huu, ulikua bila redio na bila bajeti. Vijana walitengeneza ngoma kwenye kompyuta chumbani, wakazipandisha bure kwenye tovuti kama KasiMP3, wakazirusha WhatsApp, wakazipeleka kwa madereva wa teksi, yaani daladala za hapa. Mwaka 2016 zilikuwa zimeshatolewa na lebo za Ulaya. Mwaka 2019 DJ Lag wa Clermont alikuwa miongoni mwa watayarishaji wa wimbo kwenye albamu ya Beyoncé ya The Lion King.

Tulinunua flashi 20 kwa randi 70 moja, jumla 1,400, tukashuka nazo Warwick, chini ya Berea, kwenye vituo vya teksi ambako mamia ya maelfu ya watu hupita kila siku. Dereva wa kwanza aliichomeka, akasubiri sekunde kama ishirini, akazima. "Mfowethu, besi iko wapi?" Alikuwa na haki. Spika zake zilijaa chini ya kiti chote cha nyuma, na gitaa la mpwa wangu lilisikika humo kama nzi ndani ya chupa. Tulirudi nyumbani, akazipika upya nyimbo mbili kati ya tisa kwa besi nzito, akazirudisha baada ya wiki mbili. Dereva yuleyule aliziacha zicheze kutoka Warwick hadi Umlazi. Flashi zilizobaki tuliwapa madereva wanaopanda Berea. Randi 1,400 hizo hazijarudisha pesa moja kwa moja, lakini watu wamekuwa wakiutafuta wimbo kwa jina kwenye simu zao, jambo ambalo lile tangazo la Facebook na Instagram la randi 600 halikulifanya. Kwa rika hilo, wimbo unaopendwa ndani ya teksi una nguvu kuliko unaosukumwa kwenye kioo cha simu.

Kuna gharama nyingine ambayo mwanamuziki haioni kwa sababu hailipi yeye. Baada ya malalamiko ya miaka mingi na ripoti ya Tume ya Ushindani ya Desemba 2019, Vodacom ilishusha bando la GB 1 la mwezi kutoka randi 149 hadi 99 mwezi Aprili 2020, kisha 85 mwaka uliofuata. Fanya hesabu kwa hiyo 85. Wimbo wa dakika nne kama faili la MB 4 humgharimu msikilizaji senti 33 hivi. Video yake ya MB 40 ni zaidi ya randi 3 kila anapoitazama. Tena mitandao huuza bando la WhatsApp peke yake kwa bei nafuu kuliko bando la kawaida. Kwa hiyo kijana asiye na wifi akikuambia "nitumie WhatsApp", usimwone bahili wala mwizi wa kazi yako. Mtumie faili, kisha mwombe ajitokeze kwenye shoo.

Rika la kati, miaka 35 hadi 55, ndilo lililotushangaza. Hawa ni akina mama na akina baba wa Kikongo na Kirundi wa makanisani, walinzi wa magari, wauguzi, mafundi. Hawana tundu la CD wala hawapandi teksi kwa ajili ya muziki, lakini wana makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya rambirambi. Mama mmoja aliurusha wimbo kwenye kundi la ukoo wake, na kufikia Jumatatu tulipigiwa simu kutoka Bujumbura na Norwei. Hapo hatukutumia zaidi ya bando na nauli, randi 620 zilizosalia kwenye zile 5,000. Rika hili halinunui wimbo, linamnunua mwimbaji: tumepata harusi mbili na ubarikio mmoja. Malipo ya harusi moja yalizidi yote tuliyopata mtandaoni.

Kuhusu redio sina mengi. Ukhozi FM, yenye mamilioni ya wasikilizaji kwa Kizulu, bado ndiyo inayoamua wazee na familia watasikia nini, na kila mwisho wa mwaka kura za wasikilizaji wake huchagua wimbo wa kuufunga mwaka. Kuuwasilisha wimbo hakukutugharimu chochote. Ila jiandikishe kwanza SAMRO kama mtunzi na SAMPRA kama mwimbaji, maana wimbo ukipigwa kabla hujulikani kwao, kuifuatilia pesa yako baadaye ni safari ndefu.

Na kimoja usikinunue kabisa. Kabla sijashika daftari, mpwa wangu alimlipa mtu wa mtandaoni randi 900 aliyemwahidi "wasikilizaji 20,000 wa kweli" ndani ya wiki. Namba zilipanda usiku mmoja, zote kutoka miji ambayo hana mtu. Siku chache baadaye wimbo uliondolewa kwa udanganyifu wa namba. Ulikuwa wimbo wake wa kwanza kabisa, alioutunga wakati baba yake alipofariki. Aliukalia kimya mwezi mzima. Anayeuza namba huwa mwepesi sana wa kujibu ujumbe, hukutajia bei kabla hajausikiliza wimbo wako. Ukiona hivyo, funga mazungumzo.

Jana bibi wa ghorofa ya chini alimsimamisha mpwa wangu kwenye ngazi. Dada yake wa Glenwood anataka kujua maneno ya wimbo wa sita yana maana gani, na kama inawezekana yaandikwe kwa Kiingereza kwenye karatasi ndani ya bahasha. Zimebaki CD 29. Leo jioni tunakaa mezani kuutafsiri.